Kaseti za Mama Kwenye Shamba la Mtama

Sauti ninayoichukia kuliko zote utaisikia ng'ambo ya mto Turkwel, wakati mtama unapoanza kujaa maziwa na upepo wa asubuhi unapoamka. Watu hufunga utepe wa kaseti kutoka mti huu hadi ule, juu ya mashuke, na upepo ukiupiga unalia. Haulii kama filimbi. Unanguruma kwa chini, mfululizo, kama mtu aliyezibwa mdomo. Ndege huogopa mlio huo na kwenda shamba la jirani.

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu huko kumwona nyanya, mama wa baba yangu. Aliposikia ule mlio akaniuliza nani anaimba. Ana miaka minne. Nikamwambia hakuna mtu, twende, na nikamvuta mkono kwa nguvu mpaka akalia. Nyanya alinitazama kama mtu aliyeona kichaa. Basi wacha niwaambie ninyi, kwa sababu kwetu nyumbani jambo hili halisemwi, na mimi nimechoka kulibeba peke yangu.

Mwaka 2012 nilikuwa darasa la sita hapa Lodwar. Mama alisuka nywele kwenye kibanda cha mabati karibu na soko. Alikuwa na miaka thelathini na moja, umri ambao mimi niliuona ni uzee kabisa. Kibanda kilinukia mafuta ya nazi na ncha za nywele bandia zilizochomwa kwa kiberiti, na kwenye kona, juu ya debe, kulikuwa na radio kaseti yenye mlango uliofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Humo ndimo mama alipiga hip hop yake.

Hip hop ya zamani, nieleweke. Ya wale weusi wa Marekani wa wakati yeye alikuwa msichana, na ya vijana wa mitaa ya Nairobi waliokuja baada yao wakatia Kiswahili ndani. Ngoma nzito, besi moja inazunguka na kuzunguka, halafu mtu anaongea. Wateja walizoea. Mwanamke mmoja wa kanisani alikuwa akitikisa kichwa bila kujua, mama akimwambia atulie, mstari wa nywele unapinda.

Alizipata kaseti hizo Kakuma. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala la chakula kule, na mama alikulia nje ya kambi ya wakimbizi pamoja na wasichana waliokuja kutoka Kongo na Sudan. Rafiki yake mkubwa aliitwa Mapendo, Mkongo. Hawakuelewana lugha vizuri, lakini walikuwa na kaseti moja na daftari moja. Walisikiliza mstari, wakasimamisha, wakaandika walichosikia, wakarudisha kanda kwa kalamu ya biki ili wasimalize betri. Mama alisema Kiingereza chake chote alikitoa humo, ndiyo maana kilikuwa na matusi mengi.

Kisha wakaanza kuandika yao. Walirekodi ndani ya kanisa la mabati, radio mbili zikitazamana, moja ikipiga ngoma na nyingine ikirekodi, mama katikati akiwa na miaka kumi na saba. Katika ubeti wa pili mbuzi analia. Analia vizuri kabisa, kwa zamu yake, mpaka unadhani alifundishwa. Hawakurudia kwa sababu betri zilikuwa zimekwisha. Kaseti hiyo ndiyo tuliyoiita ya mbuzi, na mama aliipiga mara chache, tena kwa sauti ndogo.

Mimi niliona aibu. Sisi tulikuwa na memori kadi. Ulimpa yule kijana wa duka la simu kadi yako, akakujazia nyimbo mia mbili, zote za kucheza, zote mpya. Sikuelewa mtu mzima anapata raha gani kwa wimbo usiochezeka. Nilimwambia mama watu wake hawajui kuimba, wanagombana tu. Naye alikuwa akisikiliza nyimbo zangu huku ameshikilia kitana hewani, kisha ananiuliza kwa upole kama huyo mtu atasema neno la pili leo au tungoje kesho. Tulibishana hivyo kila Jumamosi, na wateja walichukua upande. Siwezi kusema tulichukiana. Nilikuwa mtoto wa mjini na yeye alikuwa mamangu, basi.

Lakini baba alikuwa anasikiliza ubishi ule.

Baba yangu alikuwa karani wa ofisi na shemasi kanisani. Hakuwahi kumpiga mama, na watu wengi walimsifu kwa hilo. Alikuwa na njia yake. Hakumwambia mama jambo, aliniambia mimi. Muulize mamako kama hiyo kelele itaisha. Mwambie mamako wageni wanakuja, azime. Mimi nilikimbia na maneno hayo kwa furaha, kwa sababu yalikuwa pia maneno yangu. Nilijiona mkubwa. Baba alinisifu mbele za watu kwamba nina akili, nimekua mapema, na mimi ningemfuata hata jangwani bila viatu.

Mwaka uliofuata kaunti zikaanza, ofisi zikajaa watu wapya, na baba akapata cheo. Akanunua koti. Mwaka huohuo, karibu na likizo ya Agosti, Mapendo akapiga simu kutoka Kakuma. Alikuwa akisaidia kwenye kituo cha vijana cha kambini, na walitaka mwanamke wa kufundisha wasichana kuandika mistari na kuisema mbele za watu, siku tatu kila wiki. Kulikuwa na siku ya vijana inakuja. Mama aende apande jukwaani na midundo yake ya zamani, wakubwa wa kituo wamwone, kazi ni yake.

Sijawahi kumwona mama vile. Alisuka mstari huku midomo ikitembea. Aliniomba nimsikilize, nikamsikiliza nikiwa natazama simu. Usiku mmoja mezani alisema, akimwambia baba moja kwa moja, kwamba Kakuma si mbali, atalala kwa Mapendo siku mbili na kurudi. Baba alimaliza chakula chake. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe unaonaje, Akiru? Mamako aruke jukwaani na watoto wa kambi, wenzako shuleni waone?"

Nikasema wataona aibu. Baba akanirekebisha, "Wewe ndiye utaona aibu." Nikasema ndiyo. Akafungua mikono, kama mtu asiye na la kufanya, mtoto ndiye amesema. Mama alinitazama, akasema ataenda tu.

Likizo ilipofika nilipelekwa kwa nyanya kufukuza ndege. Ni kazi ya watoto huku, na ni kazi ya laana. Unaamka kabla ya jua, unapanda jukwaa la miti katikati ya mtama, unapiga kelele na kurusha udongo kwa kombeo mpaka koo linakauka, na wale ndege wadogo wanakuja kama vumbi. Siku ya tatu baba alikuja na bodaboda kunijulia hali. Nilimlilia. Nilisema sauti imekwisha, nataka kurudi nyumbani. Alicheka, akanipapasa kichwa. Akasema watu wa kisasa hawapigi kelele, wanafunga utepe wa kaseti. Tena nyumbani zipo nyingi, hazina kazi.

Asubuhi iliyofuata bodaboda yuleyule alileta boksi, limefungwa kamba vizuri. Fundo lilikuwa la baba. Hakuna mtu mwingine nyumbani aliyefunga hivyo. Alikuwa amelitoa chini ya kitanda chao mama akiwa kibandani. Hakuandika neno. Hakuniagiza kitu. Angalieni ujanja huo.

Na mimi nilifanya. Sitawadanganya kwamba nilisita. Nilizivunja kwa jiwe moja baada ya nyingine, nikavuta utepe, na ulikuwa unateleza vidoleni, wa kahawia, unang'aa, nikakimbia nao kati ya miti ya mikoma nikicheka. Ya mbuzi niliijua kwa sababu ilikuwa na mwandiko wa mama, wino wa bluu. Nikaivunja pia. Upepo ulipokuja shamba lote liliimba na ndege wakaondoka. Nyanya alifurahi. Nililala mchana kutwa kivulini.

Mama alikuja Jumapili kumletea nyanya sukari na majani chai. Alisimama mwisho wa shamba, akasikiliza. Kisha akashika utepe kwa vidole viwili, ukiwa bado unatetemeka.

"Boksi lote?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Hata ya mbuzi?"

Nikasema hata hiyo. Akauliza kama ndege bado wanakuja. Nikasema hawaji. Akatikisa kichwa kama mtu anayepokea taarifa, akaingia kwa nyanya, akawasha moto wa chai. Nilingojea kiboko. Nilikingojea wiki nzima. Hakikuja, nami nikaamua kwamba mambo yale hayakuwa na uzito, la sivyo ningepigwa.

Kakuma alienda, na alinichukua. Nadhani alitaka mtu wa kwao awepo. Uwanja ulikuwa na vumbi na vijana wa kila lugha, Kisomali huku, Kiarabu cha Juba kule, Sheng kila mahali. Mapendo alimkumbatia mama mpaka miguu ikainuka. "Dada, umekuya!" Kisha akauliza kaseti za midundo ziko wapi, na mama akasema zimeharibika. Hakusema zimeharibiwa. Kijana wa mitambo akasema hakuna shida, akamwekea mdundo kutoka kompyuta yake, wa mwaka ule, wa mbio. Mama alianza, ukamkimbia. Akaanza tena. Nyuma yangu msichana akauliza huyu mathe, yaani huyu mama, anahubiri ama ni nini, na wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka. Ilinitoka kabla sijajua.

Mama akaomba mdundo uzimwe. Akasema ubeti wake mkavu, pole pole, wa kwanza mpaka mwisho, mkono mmoja ukipiga paja. Ulikuwa juu ya foleni ya maji na msichana anayengoja zamu yake. Vijana wengi walikuwa wameshageukia simu. Mapendo alipiga makofi peke yake, kwa nguvu, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kimya. Kazi akapewa kijana aliyetoka Nairobi na kompyuta yake. Tulirudi Lodwar na pikapu ya mizigo, mama amenikalisha upande usio na jua.

Baba alitupokea vizuri sana. Alikuwa amemnunulia mama radio mpya inayosoma memori kadi. Mama alishukuru. Mimi ndiye niliyeitumia.

Sasa nisikilizeni. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikiamini baba yangu ni mtu mpole aliyeoa mwanamke asiyejua umri wake. Nilikataa kusukwa na mama. Nilimpelekea baba matokeo yangu kwanza, kila muhula. Na mwaka jana kwenye sherehe ya kaunti nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia wageni kwamba mke wake ndiye msichana wa kwanza kurap Turkana yote, na kwamba siku hizi vijana hawajui hip hop ya kweli. Wakampigia makofi yeye. Mama alikuwa amekaa kando yake, mikono mapajani.

Hata hapo sikuelewa. Nilielewa siku binti yangu aliponijia mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Mama, baba anasema wewe unacheka kwa nguvu, anaona aibu." Kisha akaongeza, kwa fahari, "Na mimi naona aibu." Miaka minne. Niliona uso wangu mwenyewe pale mlangoni. Baba yake alikuwa chumbani, anajifanya kutafuta soksi. Niliyomwambia hayafai kuandikwa hapa, na haishi nasi tena.

Nilienda kibandani siku hiyohiyo. Mama alikuwa akimsuka msichana wa shule. Hakuna radio siku hizi, ni vitana tu. Nilimuuliza kama alijua nani alitoa lile boksi. Akasema alijua pale shambani, alipoona kamba ya boksi imetupwa kando, bado ina fundo la baba. Nikamuuliza mbona hakunipiga, mbona hakusema, miaka yote hii ananiacha nimwone yeye ndiye mpumbavu. Hakuinua macho.

"Ulikuwa mtoto. Ulikuwa unampenda sana. Ningekunyang'anya baba kwa sababu ya kaseti?"

Nilichodhani ni msamaha kilikuwa hicho. Alininunulia baba yangu kwa sauti yake mwenyewe, na mimi nikakaa na baba nikimcheka yeye. Wanawake kibandani wangesema ni upendo wa mama. Labda ni upendo. Mimi nimeukasirikia mpaka leo, na sitamlea binti yangu nao.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Ungeninyang'anya."

Yule msichana wa shule akashika kichwa, akalalamika kwamba anaumia, na mama akamwomba msamaha, akafumua mstari wote, akaanza upya.