Ukingo wa Karai

Sufuria yetu kubwa ilikwenda msibani Jumatatu na haikurudi. Kwetu hilo halina ubaya. Kukitokea kifo mtaani, vyombo hutoka nyumba kwa nyumba, na chombo kinachopikia waombolezaji hakidaiwi. Unasubiri matanga yaishe, ndipo unapita kwa adabu kukiulizia. Lakini marehemu alikuwa mchimbaji aliyetoka mbali, ndugu zake walikuwa bado njiani, na matanga yakawa yanasogezwa mbele. Mimi nilikuwa na watoto ishirini na saba wanaotoka shule saa nane mchana wakiwa na njaa, na mama zao hawarudi mpaka jua linakaribia kuzama.

Basi nikalishusha karai kutoka ukutani.

Lilikuwa karai la chuma, pana, zito, ukingo wake umekunjwa na kuviringishwa kulizunguka lote kama pindo la gauni. Tulipewa na mama mmoja wa mwaloni siku ile tulipofungua kituo hiki cha watoto. Mwalo ni pale mawe ya dhahabu yanapoletwa kutoka mashimoni, yanasagwa, unga wake unaoshwa, na dhahabu inakamatwa kwa zebaki. Mama yule ndiye mkubwa wa akina mama wanaoosha pale. Alikuja na karai kichwani, akalitua mbele ya watu wote, akasema, "Mimi sina cha kutoa ila hiki." Wengine walipoona yeye ametoa, nao wakatoa: mikeka, vikombe, mabenchi. Bila karai lile huenda tusingefungua kabisa. Tulilisugua kwa mchanga na majivu, na kwa miaka miwili watoto walilitumia kunawia miguu.

Nilijua lilikotoka. Nililisugua kwa mikono yangu, nikaliona linang'aa, nikaridhika. Ukingo sikuufikiria. Siku nane za shule nilipika ugali ndani yake.

Mimi si mwalimu, ingawa huitwa hivyo. Shule niliiacha kidato cha pili, kule Kishapu, baba alipokuwa ameshatangulia na mama naye akamfuata. Nilikuwa na wadogo watatu. Nikawachukua tukahamia huku Geita, kwa sababu huku mtu asiye na cheti anaweza kushuka shimoni na kupanda na chakula cha siku. Nilishuka miaka sita. Siku moja nilipanda mapema nikamkuta mdogo wangu wa mwisho, binti wa darasa la pili, ameketi mwaloni na sare ya shule, anakamua zebaki kwenye kitambaa kwa mikono mitupu, anacheka inavyomponyoka. Hakuwa amekosa. Shule ilikuwa imefungwa, nyumbani hakuna mtu, mwaloni kuna watu. Kuanzia siku hiyo nikawa natafuta chumba, mpaka nikapata ghala la pamba lililoachwa, lenye sakafu nzima na paa linalovuja upande mmoja tu.

Kwa hiyo sina kisingizio. Zebaki naitambua hata ikiwa mbali.

Siku ya nane ilikuwa Alhamisi. Watoto walikuwa wameshakula. Binti wa yule mama aliyelitoa karai, wa darasa la tatu, ndiye alikuwa na zamu ya kukwangua ukoko, na zamu hiyo hugombaniwa kuliko nyama. Alikuwa amelilaza karai ubavu, anagonga kijiko kwenye ukingo ili ukoko udondoke.

"Mwalimu," akasema, "karai linatoa shanga."

Tone moja jeupe lilikuwa linabingirika kwenye sakafu. Mtoto mwingine alilikanyaga kwa kidole likawa matatu. Wakacheka, wakaanza kuyakimbiza.

"Kila mtu apande juu ya benchi," nikasema.

Sikupaza sauti. Nadhani ndiyo maana walitii. Walipanda wote, viatu mkononi. Mdogo wangu anayenifuata, dada ninayefanya naye kazi pale, alikwishakamata ufagio. Nikamshika mkono, kwa sababu ukiifagia zebaki inagawanyika hadi usiione. Nilifungua madirisha yote, nikapiga magoti na karatasi mbili za daftari, nikaokota tone baada ya tone na kulitia kwenye chupa ya maji. Kisha nikalitoa karai nje, nikaugonga ukingo kwa jiwe polepole, kulizunguka lote. Matone yakaendelea kutoka. Yalifunika kitako cha chupa.

Dada aliniinamia. "Kaka, nani mwingine ameona?"

"Watoto wote."

"Watoto wameona shanga." Aliangalia barabarani. "Tulitupe hili karai. Tuwape maziwa wiki nzima. Ukisema leo, kesho hapa hapaji mtu. Na wasipokuja hapa wanakwenda wapi?"

Sote wawili tulijua wanakwenda wapi. Wangeketi mwaloni, mikono kwenye maji ya zebaki, au wangesogea mashimoni kuokota mawe. Nikisema, ningeweza kuwarudisha kule kule nilikowatoa. Nikinyamaza, mtoto akiugua mama yake asingejua amweleze nini daktari.

"Na wakiumwa?" nikamuuliza.

Aliuegemeza ufagio ukutani. Sauti za akina mama zilikuwa zimeshafika kona ya ghala.

Siku zote huja kwa kundi, miguu imepauka vumbi la mawe, wakitaniana. Yule mama alitangulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo mbona umewapandisha kwenye mabenchi kama kuku?"

Wengine wakacheka. Nikaiinua chupa wote waione. Nikawaambia: sufuria iko msibani, nimepikia karai siku nane, ndani ya ukingo mlikuwa na hii, na watoto wamekula. Nikasema kosa ni langu, nililijua karai lilikotoka. Nikasema kesho asubuhi naenda zahanati, na anayeweza aje na mwanawe.

 Mmoja akasema, "Hiyo si tunaishika kila siku? Mbona hatujafa?"

"Wa kwangu juzi aliumwa kichwa," akasema mwingine. "Nilimpiga, nikadhani anakwepa shule."

"Mwalimu wa ugali ametupikia zebaki," akasema wa tatu, na safari hii hawakucheka.

Yule mama alikuwa anaitazama chupa.

"Karai langu," akasema.

"Ukingo wake, mama. Ungejuaje."

"Nililitoa mbele za watu. Sasa mbele za watu unasema nimewapa watoto sumu."

"Nimesema nimepika mimi."

"Karai la nani?" Alimshika binti yake mkono akamshusha kwenye benchi. "Twende, mayu." Hivyo ndivyo Wasukuma tunavyombembeleza mtoto wa kike, tunamwita mama. Mtoto alinigeukia anipungie mkono, akavutwa. Walipoona yeye ameondoka, wengine wakafuata, kama walivyofuata siku ya kutoa.

Zahanati nilikwenda na watoto wawili. Nesi alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikaripia, jambo lililoniuma zaidi. Alisema hapo hawana kipimo. Aliandika barua wale wawili wapelekwe hospitali kubwa, na tukawapeleka. Kwa waliobaki alinifundisha la kuangalia: fizi zinazotoka damu, mtoto kuwa mkali bila sababu, usingizi kukatika, na zaidi ya yote mikono. "Mwambie anyooshe mikono mbele, viganja chini, vidole vipanuke," akasema. "Weka jani juu ya vidole. Jani likitetemeka, mlete."

Ijumaa nilifungua saa nane. Hakuja mtu. Jumatatu nilipika maharage kwenye sufuria ndogo ya nyumbani kwangu, nikakaa mlangoni. Wachimbaji waliotoka zamu walipita.

"Mwalimu, leo unamfundisha nani, mabenchi?"

"Nawasubiri."

"Rudi shimoni, bwana. Kule chini hatuogopi zebaki."

Jumanne dada alisema tufunge hadi watu wasahau. Nikamwambia wakisahau hawatajua mlango uko wazi. Akachukua kitambaa akaanza kufuta mabenchi ambayo hayakuwa na vumbi.

Jumatano, mwanamke anayeuza mihogo njiani aliniambia amemwona yule binti wa darasa la tatu mwaloni, siku ya tatu hiyo. Nikamwachia dada ghala, nikatoka.

Mwaloni kelele za mashine za kusaga ni nyingi kiasi kwamba watu huzungumza kwa kusogeleana. Yule mama alikuwa ameinama kwenye beseni, mkono hadi kiwiko ndani ya tope. Binti aliketi kando yake na sare yake. Kwenye paja alikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, na nilijua ndani kuna nini kabla sijafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta nini kingine cha kunitangaza?"

Akina mama wa karibu waliacha kuosha. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikaona hayafai. Nikachuchumaa.

"Nimekuja kuiona mikono ya mtoto. Nesi ameniagiza. Nikishaiona naondoka."

"Huku anakaa mbele ya macho yangu."

"Ndiyo, mama."

Alikitazama kile kitambaa kwenye paja la binti yake. Mimi sikukitazama. Kisha akakichukua, akakiweka mbali upande wa pili wa beseni, akamwambia, "Mpe mikono."

Nikamwosha mtoto mikono kwa maji safi ya chupa niliyobeba. Akainyoosha. Nilichuma jani la mti wa uzio, jembamba, nikaliweka juu ya vidole. Tukalitazama sote watatu. Nilihesabu kimoyomoyo hadi ishirini. Jani halikusogea. Nikahamia mkono mwingine, nikahesabu tena. Halikusogea.

Sijui uso wangu ulionekanaje, maana yule mama alishusha mabega.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Wabeja, mama," nikamshukuru kwa Kisukuma.

Nilikuwa nasimama. Kwa mtoto ulikuwa mchezo, na mchezo una zamu. "Sasa mama," akasema, na akaliokota jani.

"Niache, nina kazi."

"Mara moja tu, mama."

Wenzake walikuwa wanatazama. Alijifuta tope kwenye kitenge, akanyoosha mkono wa kulia, huku anatabasamu kidogo kama mtu anayemridhisha mtoto. Binti akaliweka jani. Likatikisika, likazunguka, likaanguka. Mtoto akacheka, akaliweka tena. Likaanguka tena.

Yule mama hakutabasamu tena. Aliutazama mkono wake, akauinua mwingine akautazama pia, kisha yote miwili akairudisha ndani ya maji ya tope.

"Ni uchovu," akasema.

"Twende wote kwa nesi, mama. Mimi nitakusindikiza."

"Nimesema ni uchovu." Kelele za mashine zilikuwa palepale, lakini nilimsikia. "Umri wangu wote huu nafanya kazi kwa mikono hii. Nani asiyechoka."

 Nilimuaga mtoto, nikarudi njia ile ile, nikijua nimeona alichokuwa hataki kukiona yeye, na mbele za watu tena.

Alhamisi nilipika dagaa na ugali wa watu wanne, kwa sababu unga ulikuwa unaharibika bure. Saa nane na nusu dada alinigusa bega. Mlangoni alisimama yule binti, ameshika sahani ya bati aliyotoka nayo kwao.

"Mama amesema nile kwenye sahani yangu," akasema. "Na amesema nikae hapa, nisiende kwake."

Nyuma yake kulikuwa na watoto watano, kila mmoja na chombo chake. Tuligawa kile kilichokuwepo. Baada ya kula niliwapanga wanyooshe mikono, nikapita na majani. Tangu hapo ndivyo tunavyofanya kila siku, na mwaka umeshapita. Wale wawili wa hospitali walirudi, mmoja bado anahudhuria kliniki. Ishirini na saba hawajawahi kutimia tena. Wiki hii wako kumi na tisa.

Lakini Alhamisi ile, jioni, jua likiwa bado juu ya paa, yule mama alikuja peke yake, akiwatangulia wenzake. Alikuwa ameishika sufuria yetu kubwa kwa mikono miwili, kifuani. Alikuwa ametoka msibani kuiulizia kabla matanga hayajaisha, jambo ambalo mtu mwenye heshima zake hafanyi.

"Nimewaambia wafiwa kwamba watoto wanaihitaji," akasema. "Wamenielewa."

Kifuniko kilikuwa kinagongagonga juu ya sufuria, kidogo kidogo, bila kuacha, ingawa alikuwa amesimama. Tulikisikia sote wawili. Nikanyoosha mikono nikaipokea.

"Jumamosi zahanati wanafungua saa mbili," nikamwambia.

"Najua wanafungua saa ngapi," akasema, na akaingia kumchukua mtoto wake.