Jengo Lililomvunja Kakangu Mgongo

Chini palikuwa na maduka, juu bafu za mvuke. Jengo lilifuata mtindo wa ile miji ya Ulaya ambako watu wa zamani walikwenda kujitibu kwa maji ya moto yatokayo ardhini: matao marefu kando ya barabara, kuba la kijani, na kwenye kila nguzo majani na makombe ya jasi. Michoro ilikuwa ya mhandisi mgeni. Mapambo yenyewe yalifinyangwa na kakangu, fundi wa plasta kutoka Mombasa.

Siku moja kabla ya mwenye jengo kuja kukagua, kakangu alimwambia meneja kwamba jukwaa la chini ya kuba limelegea.

"Yalla, panda!" meneja akamhimiza. "Arbab anakuja kukagua kesho."

Akapanda. Jukwaa likafumuka, naye akaangukia mgongo. Wakaguzi walipouliza, meneja alisema kakangu alikuwa amekatazwa kupanda, akakaidi. Wakamrudisha nyumbani kwenye kiti cha magurudumu.

Wakati huo nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa madam mmoja wa mtaa wa Al Warqa, katika mji huo huo wa Waarabu. Jengo lilipofunguliwa wakatafuta wasichana wa mapokezi, madam akanipa ruhusa ya kuhama, nikaomba kazi. Mimi na kakangu tumechangia mama tu, hata majina ya baba ni tofauti, kwa hiyo meneja hakunitambua. Alinisifu kwa tabasamu langu.

Akanifundisha historia ya kuwasimulia wageni: eti mapambo yale yaliletwa kwa meli kutoka jumba la kale la Ulaya lililobomolewa. Nilirudia uongo huo kila siku. Nikifika chini ya kuba nilitamani kusema ukweli, lakini nikasema moyoni, ngoja. Sikutaka kumsema mbele ya wapita njia. Nilimtaka mbele ya bwana wake.

Arbab alikuja mchana mmoja na wageni wake. Meneja akaniita, "Wasimulie historia."

Nikawasimulia, kwa Kiarabu nilichojifunzia jikoni kwa madam.

"Mapambo haya hayakutoka Ulaya. Yamefinyangwa hapa hapa na kakangu. Alianguka pale mliposimama. Sir huyu aliambiwa jukwaa ni bovu, akamlazimisha apande, kisha akamsingizia."

"Khalas! Mwongo huyu!" meneja akafoka.

Arbab hakunitazama mimi. Alimtazama yeye. "Fundi alikuambia, au hakukuambia?"

"Mafundi husema mengi, arbab."

"Nimekuuliza, alikuambia?"

Mikono ya meneja ikaanza kutetemeka, akaificha nyuma kama mtoto anayengoja kuchapwa. Sikuyaondoa macho yangu kwake.

Alifukuzwa. Nami nilifukuzwa, kwa kumwaibisha arbab mbele ya wageni. Nikarudi Al Nahda, kwenye chumba nilichokaa na wenzangu, nikampigia kakangu simu, nikamweleza yote.

"Mimi bado siwezi kusimama," alisema. "Na wewe sasa huna kazi. Umepata nini?"

"Nimemwona akitetemeka."

Kakangu akasema, "Hebu nieleze tena alivyotetemeka."

Nikamweleza tena, polepole, bila kuacha kitu.