Kwa Njia ya Chukudu, Kutoka Munigi Hadi Kituku

Ninyi mliobaki kule milimani mlisikia kwamba nilipeleka watoto kutembea mjini Goma nikiwa bado na kitambaa cheusi cha matanga kichwani. Mlisikia kweli. Naeleza safari ilivyokuwa, tangu kutoka hadi kurudi, ili mtu mwingine asiwasimulie kwa niaba yangu.

Sababu ya kutoka ni marehemu mume wangu, papa Neema, baba wa watoto wangu. Mnamkumbuka. Viazi vyetu na makaa yetu vilishuka mjini juu ya chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Aliporudi aliwasimulia watoto mji, lakini hakuwasimulia majumba. Aliwasimulia miteremko: wapi chukudu inakimbia yenyewe, wapi inataka bega, wapi ukanyage breki kwa kiatu la sivyo utaingia katika duka la mtu. Aliwaahidi kwamba siku ya bonana, mwaka mpya, atawavalisha nguo mpya na kuwapeleka: kwanza ndege, kisha sanamu ya chukudu, mwisho waguse ziwa. Kabla ya bonana vita vilifika kwetu, na bomu likamkuta barabarani na mzigo wake. Tulimzika kando ya njia, tukaendelea kukimbia.

Desturi yetu mnaijua. Mjane hatoki kwenda penye furaha mpaka matanga yatolewe, au yatoshwe kama tusemavyo, nayo hutolewa kwenye boma la marehemu, ukoo ukiwapo. Boma letu lilikuwa na askari. Kule Munigi, kambini juu ya mji, tuliishi chini ya shitingi moja, turubai tulilopewa wakimbizi, pamoja na kaka mkubwa wa marehemu. Watoto wanamwita baba mukubwa. Bonana ilipita hapo, hatukutoka. Jumamosi moja jioni nikamwambia:

“Shemeji, kesho ninapeleka watoto Kituku.”

“Mutu wa matanga haendi kuchezesha watoto. Ungoja tutoshe matanga.”

“Tutatosha lini?”

“Vita ikiisha, tukirudia ku boma.”

“Na kama haiishi?”

“Utangoja.”

“Mimi nitangoja. Watoto wanakomaa.”

Aliinuka. “Ukitoka kesho, usirudi humu. Nitatupa mukeka yako inje.”

Sikulala vizuri. Nje ya lile turubai sikuwa na pengine. Lakini niliona hivi: vita vimechukua boma, vimechukua mume, vimechukua bonana. Nikivipa na Jumapili, nitakuwa nimevipa kwa mkono wangu mwenyewe.

Munigi, asubuhi. Watoto walinawa nyuso. Neema alikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wake Bahati minane. Nguo mpya hazikuwapo; niligeuza shati la Bahati ili upande usiopauka uwe nje. Bahati akatokea na bidoni, dumu letu la plastiki la maji, mkononi.

“Acha bidoni, baba. Tunaenda kutembea.”

“Mama, wataiiba. Halafu tutachota na nini?”

Mtu wa kambini hawezi kumbishia. Tukatoka na bidoni tupu. Shemeji alikuwa amekaa mlangoni, ametugeuzia mgongo.

Barabarani. Mimi mjini nilikuwa sijawahi kuingia. Watoto pia, lakini wao waliijua njia. Kutoka Munigi unashuka tu, na Neema alitangulia kama mtu aliyezaliwa huko.

“Hapa papa alikuwa anapanda juu ya mzigo,” alisema. “Anaacha inakimbia.”

“Hapana, ni pale ku ile mawe,” Bahati akasema. “Hapa iko bado anasukuma.”

Waligombana hivyo njia nzima, na mimi nikisikiliza. Kila penye mteremko marehemu alikuwapo.

Uzio wa uwanja wa ndege. Tulisimama juu ya mawe meusi ya volkano pamoja na watoto wengine waliokuja kutazama. Ndege ilinguruma, na kabla sijageuka Bahati alikuwa amelala kifudifudi, mikono kichwani, bidoni juu ya mgongo. Hivyo ndivyo tulivyomfundisha njiani tulipokimbia. Watoto wa mji walicheka.

“Angalia mutu wa kambi! Anaficha na bidoni!”

Mama mmoja muuza mandazi akawakemea: “Munachekelea nini? Nyiye mulikuwa chini ya kitanda ile siku bomu zilianguka mujini, na baba zenu pia!”

Bahati alisimama. Alijifuta vumbi polepole, akasema: “Nitangoja ingine.”

Tulingoja sana. Jua lilipanda, nikaanza kumwambia twende. Aliendelea kutazama juu. Ndege ya pili ilipokuja, alibaki wima mpaka ilipopotea mawinguni. Kisha akaokota bidoni yake na kusema: “Tuende.” Yule mama alimpa andazi bila kuniangalia.

Kwenye sanamu. Ni mtu wa rangi ya dhahabu na chukudu yake, katikati ya barabara za mji. Nilifikiri watalia. Neema alimzunguka, akamkagua mguu hadi kichwa.

“Si papa.”

“Hakuna aliyesema ni papa,” nilimjibu.

“Huyu iko safi sana. Hana hata tope.”

Mpiga picha mmoja pale alituita: “Mama, foto ya watoto? Utoshe kwanza ile kitambaa, foto itakuwa nyeusi!”

“Kitambaa inabaki,” nilimwambia. Alitazama pengine. Picha hatukupiga.

Kituku, mchana. Ziwa lilitokea ghafla kati ya vibanda. Mitumbwi ilikuwa imevutwa ukingoni, akina mama wakipiga kelele juu ya beseni za sambaza, vile visamaki vidogo vya rangi ya fedha. Nilinunua kidogo, vya kukaanga, tukala kwenye karatasi. Majini watoto walikuwa wengi. Mmoja akamwona Bahati na kile alichobeba.

“Weye! Unakuya kununua mafuta?”

“Ni ya maji.”

“Maji si ile hapo? Leta nikuonyeshe.”

Nilidhani anaiiba. Kumbe aliifunga kifuniko kwa nguvu, akailalia kifuani na kuelea, akipiga miguu. Karibu kila mtoto pale alikuwa na bidoni yake ya kuogelea, na sisi tulikuwa tumebeba yetu kutoka Munigi bila kujua. Bahati aliingia hadi kiuno, akalia kwa baridi, akacheka. Neema akafuata. Kisha wakaanza kuniita.

“Mama, kuya! Papa alisema tuguse sisi wote!”

Aliahidi hivyo kweli. Niliingia na kitenge changu, nikashika bidoni, na miguu yangu ikaacha ardhi. Nilicheka kwa sauti, watu wakageuka. Mwanamke mmoja ukingoni aliuliza mwenzake: “Ule si mutu wa matanga?” Nilimjibu mwenyewe kutoka majini: “Ni miye, mama. Bwana yangu alikufa.” Kisha nikapiga miguu tena. Kitambaa kililowa kichwani, sikukivua.

Kurudi. Njia iliyotushusha ilitupandisha, na hapo nilielewa jambo ambalo marehemu hakuwasimulia watoto: kupanda wakati wa kurudi. Bahati nilimbeba kipande cha mwisho, Neema akabeba bidoni.

Munigi, jioni. Mkeka wangu ulikuwa nje na sufuria juu yake. Shemeji alikuwa amekaa palepale.

“Mulienda kufanya nini?”

Neema alijibu kabla yangu: “Tulienda kutembeza papa.”

Aliangalia nywele zao zilizolowa. Kisha akamwuliza Bahati, kwa sauti ya chini:

“Ku ile mutelemuko ya mwisho, mbele ya ziwa. Papa yako alikuwa anafunga breki wapi?”

Bahati alishuka mgongoni mwangu, akavuta kiatu chake mavumbini kumwonyesha.

Shemeji aliitazama alama ile. Hakunikaribisha, wala hakuuinua mkeka. Niliuinua mwenyewe, nikauingiza ndani, nikautandika mahali pake.

Nilichojifunza ni kwamba matanga nayabeba mwenyewe, kwa hiyo naweza kuyabeba hadi ziwani na kuyarudisha, na hayapungui. Jumapili iliyofuata tulitoka tena. Kitambaa kilikuwa kimekauka, nikakifunga kichwani. Bahati hakuuliza kitu, alichukua bidoni.