Koplo Aliyesomewa Khitma Akiwa Hai

Miaka yangu ya utotoni, kule Msambweni, kulikuwa na mtu mmoja tuliyekatazwa kumwitikia. Akikuita kwa jina lako, ufunge mdomo, ukimbie. Hakuwa jini wala mchawi. Alikuwa ndugu wa bibi yangu, tumbo moja, na watu wote walimwita Koplo.

Koplo alipelekwa vitani Burma akiwa kijana. Mwenzake mmoja alirudi na mkoba wa Koplo, akasema amemwacha msituni na hawezi kuwa hai. Bibi akalia, matanga yakawekwa, khitma ikasomwa, nguo zake zikagawiwa. Mwaka uliofuata Koplo akashuka kwenye lori, anachechemea, amevaa koti zito la jeshi, akauliza shati lake la Idi amepewa nani. Kumbe muda wote huo alikuwa amelazwa hospitali ya jeshi.

Watu walifurahi siku mbili tatu, kisha wakaanza kunong'ona. Aliyekwisha kusomewa khitma, walisema, amefungiwa mlango wa walio hai. Akikuita ukaitika, utamfuata anakokwenda. Bibi aliamini. Kwa zaidi ya miaka ishirini alimpikia nduguye kila siku, lakini sahani aliiweka mwisho wa baraza, akarudi ndani, ndipo Koplo alipokuja kuichukua. Mkono kwa mkono, hapana.

Leo nikikumbuka hilo, hasira hunipanda. Najua, mimi hupandwa upesi. Hata wanaonunua makuti yangu kule Galu wanajua kwamba neno langu ni moja na halina sukari. Lakini wakati ule nilikuwa na miaka minane na niliamini kama wengine.

Ulikuwa msimu wa korosho. Nilitoka shule mchana, nikakatiza kwenye shamba lililoachwa na wenyewe, nikaingia kichakani kufuata mabibo mekundu. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mwanakombo!"

Nikageuka. Koplo alikuwa amesimama njiani na bakora yake.

"Wee Mwanakombo! Usiende huko!"

Nikabana mdomo kwa kiganja, nikatimka. Kadiri alivyoniita ndivyo nilivyozidi kukimbia, nyasi zimenifika kiunoni, sioni ninapokanyaga. Kisha sauti ikabadilika. Haikutaja jina la mtu. Ilinguruma kutoka tumboni:

"Kikosi! Simama! Nyumaaa, geuka!"

Kila asubuhi mwalimu wetu alituendesha gwaride kwa maneno hayo hayo, na fimbo mkononi. Miguu yangu haikuniuliza. Ilisimama. Nikageuka, mikono ubavuni, machozi yananitiririka, nikamtazama maiti usoni.

"Sasa njoo kwangu. Polepole."

Nilipoinua mguu, kisigino kikasukuma jiwe. Nikalisikia likibiringika, kisha kimya, kisha, chini kabisa, maji. Kilikuwa kisima cha zamani, kimefunikwa na majani, na mimi nimesimama ukingoni pake.

Koplo akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto.

"Mbona hukuitika?"

"Bibi alinikataza. Alisema nitakufuata."

Akanitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Bahati yako mimi najua kuita bila jina."

Bibi alikuwa mlangoni, anakuna nazi. Alipotuona tumeshikana mikono, nazi ilimponyoka. Koplo akaniachia, akasimama mwisho wa baraza, pale pale alipozoea.

"Mwanatumu, mtoto huyu alikuwa anaingia kisimani. Usimpige. Amri yako ameifuata vizuri mno."

Bibi akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Bakari," akasema, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia jina lake, "ndugu yangu, u mzima kweli?"

"Nipe maji uone."

Bibi akachota mtungini kwa kata, akaivuka baraza nzima, akamtia ile kata mkononi. Akamwangalia anavyokunywa, koo linavyopanda na kushuka, mpaka tone la mwisho. Ndipo alipoketi chini akalia, na Koplo, ambaye hakujua afanye nini, akaiokota ile nazi na kuanza kuikuna. Aliikuna vibaya sana. Usiku ule tulikula sinia moja.

Kesho yake alianza kukijengea kile kisima ukingo wa mawe. Upo hadi leo, unafika kifuani pa mtu mzima. Sijui huko Burma alifanya nini, hakupenda kusimulia, na sherehe za mashujaa hakuitwa hata moja. Mimi ukingo ule unanitosha. Wanangu walicheza kando yake.

Na bibi simwiti mjinga. Alisema nikimwitikia nduguye nitamfuata anakokwenda. Basi nilimfuata, na alikuwa anakwenda nyumbani.

Koplo alipozeeka kabisa nilimuuguza mimi. Sauti ile ya gwaride ilikwisha, ikabaki ya kunong'ona tu, lakini masikio yangu yalikuwa yamekwisha kuizoea. Asubuhi yake ya mwisho nilikuwa jikoni napuliza moto.

"Mwanakombo."

"Labeka, babu," nikaitika, kabla hajalimaliza jina, nikaenda na kata ya maji.