Namba Niliyodai Haigawanyiki

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kijana mwenye cheti cha sekondari, asiye na haraka ya kwenda popote. Wenzangu wa Nchelenge walishuka ziwani. Mimi nilishuka hadi ukingo wa mkeka. Maji ya Mweru niliyapenda yakiwa ndani ya ndoo.

Mulamu wangu, mke wa kaka, Mkongo aliyeuza samaki wakavu, hakuniacha nipumue. "Bibi-arusi wetu ameamuka?" aliuliza kila asubuhi. Kwetu mashemeji huitana mulamu na wana ruhusa ya kutaniana, na yeye ruhusa hiyo aliitumia yote.

Siku moja nikaamua kumjibu kwa elimu. Nilimwonyesha kwenye daftari 1,030,301, namba inayosomeka sawa ukianzia kulia au kushoto, nikatangaza kwamba haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

"Weye unajua namna gani?"

"Nimejaribu zote."

"Bon. Kama inagawanyika, kesho unapanda mashua na miye mpaka Chisenga, kule kisiwani, unabeba vitunga. Kama haigawanyike, sitakuita tena bibi-arusi."

Nilikubali upesi mno. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefika mia tu. Karatasi zilikwisha, chai nayo ilikuwa tayari, na nilijiuliza: namba iliyowashinda wote walio chini ya mia, nani tena ataiweza?

Mulamu akaliinamia daftari kama anayekagua samaki wa jana. "Hii namba inanuka mbasela."

Mbasela ni ile nyongeza ya bure ambayo mnunuzi asipopewa hatoki. Katika kila kitunga, mulamu alipanga samaki mia na mmoja wa mbasela. Aliyechukua vitunga mia alipewa kimoja zaidi, kimejaa vilevile; vyote pamoja aliviita mzigo mmoja.

"Sasa mutu akikamata mizigo mia ya namna ile, nitamupa muzigo muzima ya mbasela. Zidisha."

Nikazidisha. Mia na moja mara mia na moja: 10,201. Mara mia na moja tena: 1,030,301. Nikarudia polepole nikitafuta kosa. Siku ambayo kukosea kungenifaa, sikukosea. Ikanibidi nikiri kwamba niliishia mia, nikaenda kunywa chai.

"Aa, mulamu!" akacheka mpaka akakaa chini. "Ulichokea kwenye mulango!"

Asubuhi nilikaa sakafuni mwa mashua, katikati ya vitunga, nimefumba macho. Mpiga kasia akauliza huyu mgonjwa anapelekwa wapi.

"Si mugonjwa. Alihesabia mpaka mia, akaenda kunywa chai," mulamu akamjibu, akamsimulia yote, pamoja na yale ya bibi-arusi.

Yule bwana akacheka hata akaacha kupiga kasia, mashua ikaanza kugeuka ubavu kwa mawimbi. Nikafumbua macho, nikamsihi apige kasia kwanza. Kunicheka tungemalizia nchi kavu.