Vidole vya Fundi Timazi

Mafundi wenzake walimwita Timazi, kwa sababu hakuna ukuta aliouamini mpaka auteremshie ile kamba yake yenye kipande cha chuma mwishoni na kuuona umesimama wima. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa akipanga matofali na kupiga plasta. Nje ya nchi hakuwahi kutoka, hata kwa kupotea njia.

Safari ilimjia kwa simu. Mdogo wake wa mwisho, ambaye yeye ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliishi ng'ambo na mume baharia na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Sasa alikuwa anatarajia kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na asingeruhusiwa kumbeba mtoto kwa wiki sita. Mumewe angekuwa melini.

"Kaka, njoo wewe," alisema. "Sitaki mgeni ndani."

"Mimi na mtoto mdogo?"

"Kwani mimi nililelewa na nani?"

Timazi akauliza tarehe ya upasuaji.

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na muhula ulikuwa katikati, kwa hiyo yeye asingeweza kwenda. Lakini maandalizi aliyabeba kama yake. Alikata upande wa boksi la viatu, akaandika kila kilichotakiwa, akaubandika kwenye mlango wa jikoni: pasi, viza, chanjo, dawa za presha. Pasi ilipatikana bila taabu. Kwenye viza ndipo jahazi lilipotaka kuzama.

Kituo cha viza kilikuwa ghorofa ya pili, chumba cha viti vya plastiki na feni moja. Karani, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani, alimwambia aweke vidole vinne vya kulia juu ya kioo cha mashine. Taa ikawaka nyekundu. Akafuta kioo, akamwambia akandamize zaidi. Nyekundu. Mkono wa kushoto, nyekundu. Dole gumba, vilevile. Watu waliokuwa nyuma yake walianza kunyoosha shingo, na Timazi akahisi jasho likimtambaa mgongoni. Ataonekana mtu wa namna gani, asiye na alama za vidole? Mwizi gani huyu aliyejifuta?

"Mzee wangu," karani aliuliza kwa sauti ya chini, "unafanya kazi gani?"

"Mwashi."

"Basi usihangaike. Saruji imekula ngozi. Wiki iliyopita alikuja mama mfua nguo, hali kama yako." Alichukua kalamu na kumpangia tarehe nyingine. "Wiki mbili usishike saruji, wala chokaa, wala sabuni ya unga. Paka mafuta asubuhi na jioni. Ila siku ya kuja hapa usipake, nawa tu. Alama hazijafa, zimelala."

Timazi alishuka ngazi akiwa mwepesi kuliko alivyopanda. Tatizo lenye dawa, alijiambia, si tatizo, ni kazi.

Nayo kazi yenyewe ilikuwa ngumu, kwani hakuwahi kukaa bure. Kule kwenye jengo alisimama mikono nyuma, akielekeza kwa kidevu, huku fundi mwenzake akichekelea: "Jamani, mzee siku hizi mwiko kwake ni mwiko!" Siku moja aliona plasta imevimba pembeni mwa dirisha, mkono ukamtoka wenyewe. Fundi mwenzake akauwahi mwiko na kuukalia. Nyumbani mkewe hakumwachia hata kikombe cha kuosha.

"Ukizoea je?" mkewe alimuuliza.

"Nimeshazoea. Wasiwasi ni wako."

Kwa kuwa mikono ilikuwa imepumzishwa, miguu ndiyo iliyotumwa. Alikwenda kuchanjwa, akapewa kadi ya njano. Alikwenda kwa daktari wake wa presha kuomba barua, na daktari akaandika jina la dawa yenyewe badala ya lile la kwenye boksi. "Majina ya dukani hubadilika ukivuka mpaka," alimwambia. "Hili wanalijua kote. Na vidonge viache kwenye paketi zake, usivimwage kwenye kichupa." Kwenye duka la vifaa vya umeme alinunua kichwa cha plagi cha kule, maana matundu ya ukutani hayafanani. Mkewe alimwandikia anwani ya mdogo wake kwenye karatasi tatu: moja mfukoni, moja kwenye pochi, moja ndani ya soksi.

"Ya soksi ya nini? Si ninayo simu?"

"Simu ikizima utamuuliza nani, soksi?"

"Si ndiyo umeniwekea humo?"

Mwalimu alicheka mpaka akaketi.

Siku ilipofika, Timazi alinawa, akajipangusa kwa kitambaa safi, akapanda ghorofa ya pili. Karani alikuwa yuleyule. Vidole vinne vya kushoto: kijani. Vya kulia: kijani. Dole gumba la kulia likagoma mara mbili. Karani akakipulizia kioo pumzi, akakipangusa, akasema, "Taratibu, usikandamize." Kijani.

"Umetii," karani alisema. "Wengi hawatii."

Timazi alishusha pumzi ndefu kiasi kwamba mzee wa nyuma yake alimpa pole. Siku nane baadaye viza ilikuwa ndani ya pasi. Alimpigia mdogo wake akiwa bado barabarani, karibu na kituo cha mafuta, kidole kimoja sikioni kuzuia kelele.

"Nimepata," alisema.

 Upande wa pili akasikia mtu akivuta makamasi.

"Kaka, sijalala vizuri wiki tatu. Nilikuwa nawaza nitamwachia nani huyu."

"Lala basi. Hata sasa hivi. Mimi nakuja."

Jioni ile walipima sanduku kwenye mizani ya chumbani: Timazi alipanda nalo, akapanda bila sanduku, mwalimu akatoa hesabu. Kilo kumi na saba, na ruhusa ilikuwa ishirini na tatu. Timazi alitaka kuongeza sweta la pili na viatu vya kazi.

"Viatu vya kazi vya nini?" mkewe alisema. "Unakwenda kubeba mtoto." Akafunga zipu mwenyewe.

Timazi alijilaza kitandani, kando ya sanduku, akisema anapumzisha mgongo kidogo tu. Mwalimu aliporudi na chai alimkuta anakoroma. Akamvua viatu, akainywa chai yeye.