Mizizi Aliyoiosha Lenah Mideva

Pale Shauri Moyo, Lenah Mideva ni mama wa nduma, na wala hakatai. Miaka kumi na miwili aliuza nduma, yale magimbi, katika soko la Gikomba, zinang'aa mpaka wateja wanawapita wenzake wote na kuja kwake. Ujuzi wake ulikuwa kwenye kipande cha gunia: sugua, ng'oa vijizizi vyote, suuza, panga.

Mwaka juzi akapata kibarua cha kuosha mizizi katika kituo kimoja cha utafiti. Msicheke! Kazi yenyewe si mchezo. Daktari Waithera, mkuu wa maabara, alikuwa na migomba ya aina mbili kwenye vyungu: ya kawaida, na iliyotiwa jeni ngeni ya kupigana na kuvu ya mnyauko, ule ugonjwa unaokausha shamba zima. Lakini kuvu si zote adui. Ziko zinazoishi ndani ya mizizi, zikiutafutia mgomba chakula udongoni. Daktari alitaka kujua: je, jeni hiyo inamuua adui peke yake, au inamfagia na rafiki?

Mizizi ya migomba ya kawaida aliiosha Ndanu, kibarua mwenzake. Ile ya jeni akaiosha Lenah. Ikatiwa rangi, ikahesabiwa kwenye hadubini. Lo! Migomba ya jeni haikuwa na kuvu rafiki hata robo ya ile mingine.

"Basi inaua zote," Daktari Waithera akasema, uso umemshuka. Kazi ya miaka mitatu. "Itabidi niandike hivyo."

Lenah alikuwa akipanguza meza. Akatupia jicho sinia mbili za mizizi. Ya Ndanu ilikuwa na vijizizi vyembamba kama nywele. Yake ilikuwa mitupu, inang'aa. Moyo ukamlipuka. Ameiosha kama nduma za sokoni! Kuvu rafiki hukaa hasa kwenye vile vijizizi, Daktari alikuwa amewaambia, na yeye amevisugua vyote vikaenda na maji.

Angenyamaza, nani angejua? Kibarua huitwa asubuhi na jioni akaambiwa asirudi, na nyumbani watoto wanne, Triza na wadogo zake, wanamtazama yeye. Aliogopa, tena sana.

"Daktari, usiandike," akasema. "Kosa ni langu."

"Kosa gani, Mama Triza?"

Akaeleza yote, gunia na kila kitu. Ndanu akashika mdomo.

"Woi, Lenah! Si ungenyamaza tu?"

"Ninyamaze, wakulima wadanganywe kwa mikono yangu? Ng'o!"

Akaanza kufungua aproni.

"Unaenda wapi?" Daktari akauliza.

"Nyumbani."

"Kufanya nini? Kuna vyungu themanini havijaguswa. Funga hiyo aproni."

Wakaanza upya. Safari hii vyungu vilipewa nambari tu, muoshaji asijue mgomba upi ni upi, na mizizi ikatikiswa polepole ndani ya beseni. Lenah akafundishwa hadubini, akahesabu wiki saba, macho mekundu. Majibu yakaja: kuvu ya mnyauko ilikuwa imepungua kwenye migomba ya jeni, na kuvu rafiki zilikuwa sawa pande zote mbili. Sawa kabisa! Daktari akaonya kwamba hivyo ni vyungu tu, shambani bado. Lakini Lenah alitembea siku hiyo kama aliyetawazwa.

Siku ya kuwasomea wageni matokeo, Daktari hakulificha lile kosa la kwanza. Bwana mmoja wa mbele, tai shingoni, akadakia.

"Kama mlikosea mara moja, tutaiaminije hesabu ya pili?"

"Aliyehesabu yuko hapa. Muulize."

Ukumbi mzima ukageuka. Lenah akasimama na aproni yake, sauti ikakataa kutetemeka.

"Mara ya kwanza niliharibu mimi, na nikasema mwenyewe. Mara ya pili nimehesabu mimi. Hadubini ile pale mezani na mizizi yenyewe, mzee. Njoo uhesabu."

Yule bwana akainuka, akavua miwani, akaenda kuhesabu.